Kiti Hakisemi Uongo

Karatasi ilikuwa na mistari 14 tu. Nilitakiwa kuifasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na Kifaransa, na ujira niliotajiwa ulikuwa wa kumpendeza mtu ambaye mashairi yake hayajapata kumnunulia hata mafuta ya taa. Ilisema kwamba kigoda kilichotajwa kwa nambari yake ni kiti cha enzi cha watawala wa Ufipa. Kwamba kimechongwa kwa mpingo. Kwamba umri wake haupungui miaka 200. Na kwamba wazee wa ukoo wa kifalme wamekitoa kwa hiari yao. Chini paliachwa nafasi ya sahihi na muhuri. Niliketi nikafasiri, nikapokea changu, nikaondoka. Sikuomba kukiona kiti.

Naanza na ungamo hili kwa kuwa nitakayoyasema hapa ni makali, wala sitaki niwe nyani asiyeona kundule. Mimi ni mzaliwa wa Ufipa, ule uwanda wa juu ulio baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyatafuta mwenyewe, kamusi mkononi na kibatari mezani. Katika mji ule wa pwani hapakuwa na mtu aliyehusika na karatasi ile kuliko mimi, na bado niliifasiri kama mtu anayefasiri bei ya vitunguu.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema ili asiyeitaka afungue ukurasa mwingine. Kiti kipya si kiti bandia. Kiti kilichonakiliwa kutoka kiti kingine nacho si bandia. Kiti huwa bandia siku kinapoandikiwa umri usio wake na ukoo usio wake. Ubandia haumo katika mti, umo katika neno. Na kwa hiyo, sisi tunaoishi kwa maneno, waandishi, wafasiri, wapiga chapa wa vijikaratasi vya madukani, ndio mafundi wakuu wa viti bandia kuliko yeyote anayeshika tezo.

Miezi kadhaa baadaye nilipita tena mtaa ule, nikakikuta kigoda chenyewe kimewekwa mbele ya duka juu ya mkeka mpya. Mwenye duka alinikaribisha kwa bashasha na kahawa.

“Karibu, mwalimu. Kiti chako hicho, bado kinamngoja mwenyewe.”

Nikamwomba ruhusa nikigeuze.

“Kigeuze, sheikh wangu, lakini chini kuna nini?”

Chini, msomaji, ndiko kuliko na kila kitu. Anayekizeesha kiti hutia bidii yake yote mahali ambapo jicho litatua kwanza: juu ya kikalio, mbele ya kiegemeo, kwenye nakshi. Huko chini, ambako hatarajii mtu kuinama, humwacha fundi wa kweli aseme. Basi kanuni ya kwanza ya mnunuzi ni hii: kabla hujakaa juu ya kiti, kipindue. Muuzaji akikuzuia, umekwisha jibiwa.

Nilipokipindua, kilikuwa chepesi. Mpingo si mti mwepesi. Kibanzi chake ukikitupa majini kinazama. Nikachukua kitambaa, nikakitia spiriti kidogo, nikasugua upande wa ndani wa mguu mmoja. Kitambaa kikarudi cheusi, na chini ya weusi mti ukaonekana mweupe kama muhogo uliomenywa. Ilikuwa rangi ya viatu. Hata pasipo kitambaa, swali lilipaswa kuulizwa tangu kwenye karatasi. Ufipa ya juu ni nchi ya nyasi na upepo na baridi. Mtu anaweza kutembea kutwa nzima toka Sumbawanga kwenda Laela na miti mingi aonayo ikawa ni ile iliyopandwa na watu. Tangu nizaliwe sijauona mpingo ukimea juu kule. Mti wa kuchongea tuliufuata mabondeni na kwenye miteremko, nao aghalabu haukuwa mpingo. Si kwamba kigoda cha mpingo hakiwezi kufika uwandani, vitu husafiri. Lakini kikifika, kina safari ya kusimulia, na karatasi yangu haikusimulia safari yoyote.

Nikapima kikalio kwa uzi. Kilikuwa duara kamili, kama sahani ya kiwandani. Mti haukauki sawasawa pande zote. Husinyaa zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu wake. Kigoda cha duara kilichochongwa kwa gogo moja na kukaa miaka mingi huwa kimeacha kuwa duara. Ukipima huku na kule, uzi utakuonyesha tofauti ambayo jicho halikuiona. Hii ni shahada ambayo fundi wa uongo hawezi kuighushi kwa urahisi, maana inataka miaka, na miaka ndiyo asiyokuwa nayo.

Nikatazama ulikaji wake. Kikalio kilikuwa kimelika kila mahali kwa kiasi kimoja, kazi ya msasa. Makalio ya binadamu si msasa. Mtu hukaa amegeukia upande wa moto, huegemea mguu mmoja, hujivuta akitaka kuinuka, na kigoda huandika yote hayo. Hulika zaidi mbele kuliko nyuma, huwa laini pale mikono ilipokishikia kukibeba, huchakaa miguuni kwa namna isiyolingana, kwa sababu sakafu ya udongo haikuwa meza. Tena kigoda kilichokaa jikoni huwa na masizi yaliyoingia ndani ya vinyweleo vya mti, mengi upande mmoja kuliko mwingine. Huyatoi kwa kitambaa, na harufu ya moshi huitambua hata ukiwa umefumba macho. Kile cha dukani kilinuka chai ya rangi na kiwi.

Mwisho, matundu ya wadudu. Yalikuwapo mengi, na mwenye duka aliyataja kwa fahari. Lakini yalikuwa ya ukubwa mmoja na yameingia wima yote, kama mvua isiyo na upepo. Hiyo ni kazi ya keekee. Mdudu abunguaye mti hatembei hivyo. Hupinda ndani, na tunduze huwa kubwa na ndogo. Na iko hila nyingine iliyo ya werevu zaidi: kuchonga kiti kipya kwa mbao kuukuu za kweli. Hapo utaona njia ya mdudu imelala wazi juu ya ubao kama mfereji. Mdudu hachimbi mfereji juu. Huchimba ndani, akatokea. Mfereji ukionekana, ujue ubao ulichongwa baada ya kuliwa, si kabla.

Yote haya sikuyasoma katika chuo. Niliyajua kwa sababu nyumbani kwetu kilikuwapo kigoda. Alikikalia bibi yangu akisonga ugali wa ulezi, na kabla yake alikikalia mama mkwe wake. Kilikuwa na mguu mmoja uliopasuka na kufungwa kwa waya, na ulikuwapo upande ambao hatukuruhusiwa watoto kukalia. Nilipokuwa safarini, alipita mnunuzi mwenye lori, akizunguka vijiji na kukusanya vigoda, vinu na mitungi. Kaka yangu alimpa kigoda, akapewa viti viwili vya plastiki. Simlaumu kaka yangu: viti vile vilihitajika, wageni wa msiba hawakai chini siku zote. Nalaumu kwamba mnunuzi yule hakuuliza hata swali moja. Hakuuliza kilikuwa cha nani, wala kilichongwa wapi, wala kwa nini upande ule haukukaliwa. Kilipopanda lorini kilikuwa na historia ya nyumba moja kwa vizazi vinne. Kiliposhuka, popote kilikoshuka, kilikuwa gogo.

Tazama basi biashara hii ilivyo. Kigoda cha kweli kimeondoka uwandani bila jina, na kigoda cha uongo kimefika mjini na jina la kifalme. Jina limevuliwa aliyekuwa nalo, likavishwa asiyekuwa nalo. Na mshonaji wa vazi hilo nilikuwa mimi.

Wasomaji wa visiwani wasidhani haya ni ya Wafipa peke yao. Kiti chenu cha enzi, kile chenye kiegemeo kirefu kilichosimama wima, mikono bapa, kikanyagio mbele, viambaza vya uzi uliosukwa, na njumu za pembe au mfupa juu ya mti mweusi, kina fasihi yake na wataalamu wake. James de Vere Allen alikiandikia makala nzima mwaka 1989. Kilitengenezwa katika miji ya pwani, Lamu, Siu, Pate na kwingineko, na kilikaliwa na watu ambao kukaa kwao kulikuwa na maana. Leo mafundi wa Mji Mkongwe na wa Lamu wanakitengeneza upya, na wapo wanaokitengeneza vizuri mno. Nawavulia kofia. Ninachokikataa ni mkono wa pili, ule unaokichukua kiti kizuri cha jana, ukakizika katika mchanga wenye unyevu, ukakipiga kwa mnyororo, kisha ukakitundikia kijikaratasi cha “karne ya kumi na nane”.

Kwa kiti hicho nako kuna maswali. Kitazame kilivyoshikana: cha kale hushikwa kwa ulimi wa ubao uingiao katika tundu lake na kukazwa kwa kijiti, ukikuta skrubu yenye kichwa cha msalaba, kumbuka kwamba skrubu za aina hiyo zilianza kuenea katika miaka ya 1930. Huenda ni matengenezo ya baadaye, na matengenezo si aibu, lakini muuzaji ayataje. Usikihukumu kwa uzi wake, kwa kuwa uzi huoza na kusukwa tena. Tazama kingo za vitundu upitamo uzi. Uzi uliovutwa kwa miaka mingi huzilainisha kingo hizo na kuacha vijifereji. Uzi mpya katika kingo zilizolika ni kiti cha kale kilichotunzwa. Uzi mkuukuu katika kingo kali ni kiti kipya kilichovishwa nguo za marehemu. Kisha njumu. Mfupa ukiutazama kwa kioo cha kukuzia una vitone na vijistari vidogo vyeusi, njia za damu za mnyama. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Plastiki haionyeshi chochote, na sindano ya moto huiyeyusha. Na ikiwa ni pembe kweli, basi mgeni anayetaka kukisafirisha kiti ajue kwamba biashara ya pembe baina ya mataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Anayemwambia “chukua tu, hakuna taabu” hamtakii mema.

Wala maradhi haya hayakuzaliwa Afrika. Katika nyumba moja ya mapadri kule kwetu nimepata kukalia kiti chepesi cha mti uliopindwa kwa mvuke, kikalio chake kimesukwa kwa henzirani, na chini ya ukingo wake pamepigwa chapa: Thonet. Tangu Wamisionari wa Afrika walipoingia Karema mwaka 1885, mizigo ya Ulaya imekuwa ikipanda na kushuka milima yetu, na kiti cha namna hiyo hakina budi kupendwa na msafiri. Michael Thonet alikitoa kiti chake nambari 14 mwaka 1859. Kilikuwa na vipande sita tu na skrubu kumi, na kreti moja ya mita moja kila upande ilibeba viti 36 vilivyofunguliwa. Hataza yake ilipokwisha mwaka 1869, wengine wakaruhusiwa kutengeneza viti vya mti uliopindwa, na kina Jacob na Josef Kohn wakatengeneza vingi, wakavipiga chapa ya jina lao. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Kiti cha Kohn kinafanana na cha Thonet, lakini si bandia, kwa sababu kinasema: mimi ni wa Kohn. Bandia ni kile kilichotoka karakana yoyote leo na kubandikwa karatasi ya Thonet iliyochomwa pembeni kwa sigara. Vivyo hivyo kiti cha mabomba ya chuma alichokibuni Marcel Breuer katikati ya miaka ya 1920: kinatengenezwa hadi leo na wenye idhini, na hakuna aliyetapeliwa ikiwa bei na karatasi vinasema “toleo jipya”. Wenzetu wamegundua kwamba kunakili na kudanganya ni vitu viwili. Sisi tumeviacha vilale kitanda kimoja.

Sasa nije kwa wenye kuwatetea wauzaji hawa, maana ninajua yanayosemwa barazani.

Husemwa kwanza: mgeni hajui, mwache aliwe, babu zake walikula zaidi. Hoja hii ina utamu wa kisasi, na mimi si mtu wa kuwaonea huruma waliochukua. Kiti cha Buruku kutoka Unyanyembe, chenye umbo la binadamu lililochongwa katika kiegemeo chake, kipo katika jumba la makumbusho la Berlin, na hakikwenda huko kutembea. Lakini tazama kisasi chenyewe kilivyo kipofu. Mgeni aliyenunua uongo haumii. Huuweka sebuleni kwake, akafurahi mpaka kufa kwake. Anayeumia ni mjukuu wetu, ambaye siku moja atafungua kitabu cha picha kilichochapwa ughaibuni, aone kigoda kilichopakwa kiwi, asome chini yake “enzi ya Wafipa”, naye atasadiki. Tutakuwa tumemwibia Mzungu pesa chache, na tumemwibia mtoto wetu babu yake.

Husemwa pili: mafundi ni maskini, waacheni wapate riziki. Nami nauliza: fundi anapata nini? Aliyechonga kigoda kile alilipwa ujira wa kibarua, na sharti la kwanza la kazi yake lilikuwa asijulikane. Kiti cha miaka 200 hakiwezi kuwa na fundi aliye hai. Kadiri anavyochonga vizuri ndivyo anavyozidi kufutwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Biashara hii inataka tuamini kwamba vyaelea vyenyewe, havikuundwa na mtu. Mkitaka kumhurumia fundi, uzeni kiti chake kwa jina lake. Mtu aliyejua kuchonga kigoda kile, chepesi, duara kamili, nakshi zimenyooka, alikuwa fundi hodari. Hakuna hata mstari mmoja katika ile 14 uliomtaja.

Husemwa tatu, na hili husemwa na wasomi: hakuna asili, kila kitu ni nakala ya nakala, na umri ni hadithi tu. Maneno haya hupendeza katika ukumbi wenye feni. Huyasikii kwa mtu ambaye ameuziwa dawa ya uongo. Mimi pia ni mfasiri, na kazi yangu yote ni nakala. Hakuna shairi nililolifasiri nikadai ni langu, wala nililotunga mwenyewe nikadai limetoka kwa mshairi wa kale wa Pate. Ningefanya hivyo, wahariri wa jarida hili wangenifukuza, na wangefanya vyema. Kwa nini basi heshima tunayoidai kwa beti tuinyime miti?

Na liko jambo ambalo watetezi wote watatu hulikwepa. Katika Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa mabaki ya kale, na haviuzwi wala havisafirishwi nje bila kibali. Kigoda cha miaka 200 kimo ndani ya ulinzi huo moja kwa moja. Basi mtu anayekionyesha dukani bila kibali, akamwambia mgeni kuwa ni cha miaka 200, ana njia mbili tu. Akiwa anasema kweli, anauza mali ya urithi wa nchi kinyume cha sheria. Akiwa anasema uongo, ni tapeli. Muuzaji mwenyewe ameandika mashtaka yake, na mimi niliyafasiri kwa lugha mbili.

Mtaniuliza: kwani kigoda ni nini hata kizuliwe makala? Kwa Mfipa, kigoda ni jambo la kuanzishia dunia. Masimulizi ya Milansi, ambayo Roy Willis ni miongoni mwa walioyaandika, katika kitabu chake cha mwaka 1981, husimuliwa kwa namna zaidi ya moja, lakini kiini chake hakibadiliki. Mtawala wa kwanza wa nchi alikuwa Milansi. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwachia nyumba mwanamke wa nyumbani mwake, akamwonya: watakuja wageni, wasipewe kiti changu. Wakaja wanawake wageni. Mwanamke yule akawapa kiti. Mtawala aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kubadili mikono: wageni wakawa chimbuko la ukoo wa Watwa waliotawala Ufipa, na Milansi ikabakiwa na heshima ya mambo ya ibada. Hakukupigwa vita wala hakukuchomwa kijiji. Kilichotolewa ni kiti.

Ndiyo maana karatasi ile ilinifaa nicheke, kama ningekuwa na akili ya kucheka siku ile. Ilisema “watawala wa Ufipa”, isiseme watawala gani. Utawala wa Watwa uligawanyika kuwa wa Nkansi na wa Lyangalile; kiti cha enzi kisichojua kilitoka upande upi ni kama cheti cha ndoa kisichomtaja bibi arusi. Na ilisema wazee “walikitoa kwa hiari”. Wafipa, ambao ngano yao kuu ni ya nchi iliyopotea kwa kutoa kiti, wakitoe kiti kwa hiari kwa mwenye lori? Muuzaji hakuwa na haja ya kuogopa spiriti wala uzi wangu. Ngano aliyoisikia kila mtoto wa Ufipa ilitosha kumuumbua, na mtoto mmoja wa Ufipa alikuwa mbele yake, kalamu mkononi, akamsaidia.

Kwa hiyo nasema, na nasema kwa wenzangu kwanza. Mfasiri asifasiri hati ya kitu asichokiona. Daktari hatoi cheti cha maiti aliyesimuliwa. Akikiona na akajua kuwa ni uongo, arudishe karatasi na pesa. Ujira wa mistari 14 haumnunui mtu kwa muda mrefu. Mimi ule wangu niliumaliza kwa kulipa nauli ya basi la Sumbawanga na gunia la sukari.

Wenye maduka nao wana maneno matatu tu ya kujifunza, na yote ni ya Kiswahili safi: kipya, kilichotengenezwa upya, cha kale. Kipya kiandikwe jina la fundi, mti na mwaka. Kilichotengenezwa upya kiandikwe nini kilibadilishwa. Cha kale kiandikwe kimetoka nyumba gani, kijiji gani, kwa njia gani, na kibali chake kiwekwe mezani. Asiyeweza kuyajaza hayo aandike “sijui”, neno lisilomvunjia heshima mtu yeyote isipokuwa mwongo.

Mnunuzi, awe mgeni au mwenyeji aliyejenga nyumba nzuri Fumba au Mbweni na anataka kiti cha babu asiyekuwa naye, ainame. Apindue, apime, anuse, asugue, aulize. Asifanye haraka, kiti kilichongoja miaka 200 hakitakimbia usiku mmoja. Na akipenda kiti ambacho amejua ni kipya, akinunue kwa furaha na amuulize jina la fundi. Hakuna ulazima wa kupenda vitu kwa uzee wao tu.

Na nyumbani, kule Matai, Chala, Namanyere na vijiji vyote ambako lori bado linapita, nawaomba wenye vigoda waandike kabla hawajauza. Siwakatazi kuuza; njaa haina mwalimu. Lakini daftari la mtoto wa shule lina ukurasa wa kutosha: hiki kilikuwa cha fulani, kilichongwa na fulani, upande huu haukukaliwa kwa sababu hii. Kigoda kikiondoka, ukurasa ubaki. Sumbawanga maana yake kwa Kifipa ni “tupa uchawi”. Katika uchawi wote unaostahili kutupwa, naweka mbele ule wa kugeuza kitu cha mtu kuwa gogo, na gogo kuwa kitu cha mfalme.

Nilirudi kwa mwenye duka nikiwa na karatasi mpya. Nilikuwa nimemwandikia bure, kwa lugha tatu: kigoda kipya, cha mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi, kimechongwa na fundi aliye hai, jina lijazwe hapa. Alikisoma mpaka mwisho, tena kwa adabu. Kisha akakikunja.

“Maneno yako ni kweli, mwalimu,” akasema, “lakini kweli haina bei.”

Hapo ndipo tulipoachana, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo hadi leo. Yeye anaamini kweli haina bei. Mimi naamini hajapata kuiuza. Duka lolote, kisiwani au bara, litakalotaka kujaribu, nitalifasiria hati zake bila malipo, madhali zina jina la fundi na nitaruhusiwa kwanza kukipindua kiti.